Tanakali za Mwendo wa Kasi Darasani

Mwanafunzi wa darasa la tatu akiulizwa jiwe limeangukaje kisimani, hatajibu "kwa kasi". Atasema chubwi! Neno hilo ni tanakali ya sauti, nasi walimu yatupasa kulitazama kwa makini kuliko tulivyozoea.

Tanakali haina kiambishi cha ngeli wala cha wakati. Aghalabu hufuata kitenzi na kukikamilisha: gunia lilianguka pu, alijitosa majini chubwi, aliruka ukuta akatua mchangani tifu. Kwa silabi moja au mbili msikilizaji amekwisha kutambua kasi ya anguko na mahali lilipoishia, kwani anayebadili pu kuwa chubwi amebadili sakafu kuwa maji. Mwaka 1935 Clement Doke, mtaalamu wa lugha za Kibantu, alizihesabu tanakali kuwa aina ya neno inayojitegemea, akaziita ideofoni. Darasani, hata hivyo, tungali tukizifanya pambo la insha. (Pikipiki, ambayo pia huitwa tukutuku, imepata majina yake yote mawili kwa mlio wake, watoto hufurahi sana kuligundua hilo wenyewe.)

Orodha ubaoni si mwanzo mwema. Mwalimu na achukue ndoo ya maji, sinia la mchanga na mawe mawili. Wanafunzi wafumbe macho, jiwe lidondoshwe, kisha waseme walichosikia kabla ya kuambiwa neno. Baadaye watunge sentensi kwa mdomo, na mwisho waandike.

Hapa ndipo penye hatari. Mtoto aliyelelewa katika lugha nyingine huenda akasema tubwi, naye mwalimu mwenye haraka humkosoa palepale. Sikio la mtoto huyo limefanya kazi yake sawasawa. Lililopungua ni mazoea ya Kiswahili tu. Akikemewa, hatathubutu tena kutamka sauti yoyote, na somo zima la masimulizi litamponyoka. Neno lake lipokelewe, kisha aelezwe kwamba katika Kiswahili husemwa chubwi, na kwamba hilo ndilo atakalotakiwa kuandika katika mtihani.

Wako pia wanaozidisha. Insha ikijaa pu na tifu kila mstari, tusiikate kwa wino mwekundu. Mwandishi wake aisome kwa sauti mbele ya mwenzake; mara nyingi ataziondoa mbili tatu mwenyewe.