Wingu Linalozaliwa Mbele na Kufa Nyuma

Wenyeji wa Burketown, mji mdogo karibu na Ghuba ya Carpentaria kaskazini mwa Australia, husema milango ya friji za baa ikipata ukungu jioni, asubuhi kuna jambo. Na kweli, kati ya Septemba na Novemba, alfajiri nyingine huingia na wingu mithili ya gogo refu mno, limelala kutoka upeo hadi upeo. Upepo huvuma ghafla, wingu hupita juu ya paa, kisha hali hutulia. Linaitwa Morning Glory. Urefu wake huweza kufika kilomita 1,000, na mwendo wake kilomita 60 kwa saa.

Chanzo chake ni Rasi ya Cape York, kando ya ghuba hiyo. Mchana, pepo za bahari huingia kutoka pande zote mbili na kukutana katikati. Usiku hewa ya chini ikishapoa, mgongano huo huzaa wimbi la hewa linalovuka ghuba kuelekea kusini magharibi. Mbele ya wimbi hewa hupanda, ikapoa, na mvuke wake ukawa matone. Nyuma hushuka, ikapata joto, na matone yakakauka. Wingu hujengwa upande mmoja huku likibomoka upande wa pili. Tangu 1989, marubani wa ndege zisizo na injini huifuata hewa hiyo inayopanda na kuelea nayo.

Afrika Mashariki nayo ina mawimbi yake. Upepo wenye unyevu ukikutana na Kilimanjaro hulazimika kupanda, na juu ya kilele hutokea wingu laini la mviringo. Aliye mjini Moshi, chini ya mlima, huliona limeganda palepale, kumbe upepo unapita ndani yake kwa kasi na matone yake hubadilika kila mara.

Maumbo mengine ya mawingu yamechelewa kupata jina rasmi. Mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliingiza katika Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu, iliyotoka mara ya kwanza 1896, umbo la wingu lenye tumbo lililochafuka kama bahari: asperitas. Jina hilo halikuanzia maabara. Lilitokana na picha za watu wa kawaida, zilizokusanywa na chama cha wapenda mawingu cha Uingereza. Kwa hiyo, msomaji, ukiona wingu geni lipige picha, uandike mahali, saa na upepo unakotoka.