Mbwa Aliyeuma Afungwe, Asiuawe

Miezi miwili iliyopita dada yangu alinipigia simu kutoka Itebero, kwetu Kongo. Huku Marekani ilikuwa usiku wa manane, kwao kumekucha. "Yaya, mtoto ameumwa na mbwa mkononi. Lakini usihangaike, mbwa mwenyewe watu wamekwisha kumuua, wamemtupa mtoni." Aliniambia hivyo ili nitulie. Nilikaa kitandani nimeshika kichwa, maana mbwa yule ndiye peke yake angeweza kutuambia kama mtoto wetu yumo hatarini au la, naye alikuwa amekwisha kuchukuliwa na maji.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza watu wa jumuiya yetu huku Marekani: kwenu, mbwa akimuuma mtu, hufanywa nini? Karibu wote hujibu vilevile. Mbwa anapigwa mpaka anakufa, mwenye mbwa anaomba msamaha, pengine anatoa kuku, na maneno yanaishia hapo. Kisha baada ya siku mbili tatu inakuja simu ya kuomba pesa, na sisi tunatuma bila kujua tunalipia kitu gani.

Sitaeleza raje, yaani kichaa cha mbwa, ni nini. Aliyekulia kwenye barabara ya kutoka Hombo kwenda Walikale amewahi kusikia habari za mgonjwa aliyekataa maji. Nitakumbusha mambo mawili tu, kwa wale wanaodhani ni ugonjwa wa zamani. Mwaka 2013 raje ilizuka Mangurejipa, katika teritwari ya Lubero, jirani zetu kabisa, hadi Madaktari Wasio na Mipaka wakaenda kutoa chanjo. Na mwaka 2014 madaktari wa Kinshasa walichapisha habari za watoto 21 waliofikishwa hospitalini na ugonjwa huu. Dalili zikishaanza, daktari hana la kufanya, awe wa Kinshasa au wa New York. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba watu 59,000 hufa kwa raje kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wasiofika miaka 15.

Sasa turudi kwa mbwa, kwa sababu kumuua ndilo kosa letu la kwanza.

Virusi vya raje huanza kutoka kwenye mate ya mbwa siku chache tu kabla mbwa mwenyewe hajaonyesha ugonjwa. Akishaanza kuonyesha, hufa upesi, ndani ya siku kumi. Maana yake ni hii: kama mbwa aliyeuma bado anakula na kutembea vizuri siku ya kumi, basi siku aliyouma mate yake hayakuwa na raje. Mtoto amepona hofu, na sindano zilizobaki zinaweza kusimamishwa. Kama mbwa amekufa au amebadilika ndani ya siku hizo, mmejua pia, na mnajua kwamba hakuna sindano hata moja ya kuruka. Mbwa aliyefungwa anatoa jibu bila maabara na bila karatasi. Mbwa aliyeuawa kwa magongo hatoi jibu lolote, na kuanzia hapo mtoto ahesabiwe kuwa ameumwa na mbwa mgonjwa. Kupima kichwa cha mbwa aliyekufa kunahitaji maabara, na kichwa hakifiki kizima kikisafirishwa kwa pikipiki kwenye joto lile.

Afungwe vipi? Kwa mnyororo, maana kamba ataitafuna. Mahali pa peke yake, mbali na watoto na mbwa wengine. Mtu mzima mmoja ndiye ampe chakula na maji, akimsogezea chombo kwa kijiti. Tarehe aliyouma iandikwe kwa makaa ukutani, maana baada ya siku nne watu huanza kubishana kuhusu hesabu. Muuguzi aambiwe na shefu wa lokalite aambiwe, ili mwenye mbwa asije akamwachia usiku au kumuuza. Kama veterineri akisema siku 15 badala ya kumi, kwa utaratibu wa Kifaransa, msibishane naye. Fungeni siku 15.

Hapa kuna kosa la pili, na limewapata hata watu waliosoma. Wakisikia "siku kumi" wanadhani mtoto naye asubiri siku kumi. Hapana! Mbwa anafungwa leo na mtoto anaanza sindano leo. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Tunasimamisha sindano mbwa akionekana mzima, hatungojei mbwa augue ndipo tuanze.

Na kabla ya sindano kuna sabuni. Kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15 nzima, kwa saa, sio kwa kukisia. Sabuni yoyote, hata ile ya kufulia. Pilipili, majivu, mafuta ya gari, jiwe jeusi la nyoka, vyote hivyo viwekwe mbali. Najua wazee watakasirika. Jiwe jeusi halijawahi kumwokoa mtu na raje. Waliopona baada ya kuwekewa jiwe waliumwa na mbwa ambaye hakuwa na raje, au virusi havikuwaingia. Kidonda kisishonwe kwa haraka pia, hata kikiwa kikubwa. Muuguzi anajua sababu.

Kosa la tatu ni VAT. Dada yangu aliniambia kwa furaha kwamba mtoto ameshadungwa sindano. Nilipomwambia anisomee jina kwenye kadi, ilikuwa VAT, chanjo ya pepopunda. VAT ni nzuri, mtu aliyeumwa anaihitaji, lakini haizuii raje hata kidogo. Ndugu msomaji, ukiambiwa "amedungwa," usikate simu. Omba usomewe jina, herufi kwa herufi, au upigiwe picha ya chupa.

Chanjo ya raje hutolewa kwa siku zinazohesabika. Siku ya kwanza huitwa siku 0, kisha siku ya 3, siku ya 7, na nyingine kati ya siku ya 14 na ya 28. Kuna namna ya kudunga ndani ya ngozi inayotumia dawa kidogo na kumalizika siku ya 7, mahali ambapo wauguzi wamefundishwa. Kidonda kilichotoboa ngozi, zaidi kikiwa usoni, kichwani au mikononi, kinahitaji na serumu, ambayo hudungwa ndani ya kidonda chenyewe. Serumu ni adimu na ni ghali. Isipopatikana msikae kuingojea, chanjo ianze, serumu inaweza kufuata ndani ya siku saba.

Sisi tulio huku tunatuma pesa ya sindano ya kwanza, tunashukuriwa, tunalala. Pesa hiyo inaisha siku ya 0. Siku ya 3 na ya 7 hakuna nauli, mtoto anacheza vizuri, kidonda kimekauka, watu wanasema ya nini kurudi tena. Tumeni pesa ya safari zote kwa pamoja, na chakula na malazi ya mtoto na mtu wa kumsindikiza. Mara nyingi kukaa mjini wiki nzima kunagharimu kidogo kuliko kupanda na kushuka barabara ile mara tatu kwa sindano za mwanzo.

Barabara yenyewe mnaijua. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iliposhikwa na waasi wa M23, na Bukavu katikati ya Februari, mambo yamezidi kuwa magumu. Benki za Goma zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na mwezi wa tatu vita vikafika hadi Walikale penyewe. Chanjo ya watu inatakiwa kukaa kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyosafiri siku mbili ndani ya mfuko wa plastiki bila barafu si ya kuaminiwa. Kabla hujatuma pesa, piga simu mwenyewe uulize: chanjo ipo au mnaitafuta? Imekaa kwenye friji gani, na umeme wake unatoka wapi? Mna za kumaliza siku zote, au mna moja? Anayekwepa maswali hayo usimtumie hata franka moja.

Mtoto wetu alizungushwa. Kituo kimoja kilimrudisha kikisema hakiwezi kumwandikia chanjo bila karatasi ya veterineri. Veterineri akasema hawezi kuandika karatasi bila kumwona mbwa. Mbwa yuko mtoni. Siku tatu zilipotea kwa karatasi hiyo, mama akikaa kwenye benchi na mtoto mapajani. Hakuna kanuni ya tiba inayosema mtoto aliyeumwa asubiri karatasi ya mbwa. Kanuni ni kinyume chake: mbwa asipoonekana, chanjo inatolewa. Ofisa anayemrudisha mtoto kwa sababu ya mhuri anabeba dhambi kubwa, na nasema hivyo kwa moyo wangu wote. Zoni ya afya ya Itebero ina watu wengi na misitu mikubwa. Kwamba mama wa kule lazima apande pikipiki kupitia Hombo na Bunyakiri mpaka Bukavu ili apate chupa moja ndogo ni aibu ya serikali, ya Kinshasa na ya jimbo.

Mtoto alipata sindano ya kwanza siku ya tano. Amemaliza zote. Raje huweza kujificha mwilini miezi miwili au mitatu, mara chache hata mwaka, kwa hiyo bado tunahesabu.

Niseme na juu ya mwenye mbwa. Watu wengi wanadhani akimuua mbwa wake amelipa. Sheria ya Kongo haisemi hivyo. Amri ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo mahakama zetu bado zinaitumia, ina kifungu cha 261: mwenye mnyama, au anayemtumia, ndiye anayejibu hasara aliyoifanya, awe chini ya ulinzi wake, awe amepotea au ametoroka. Hasara hiyo ni pamoja na chanjo, nauli na siku ambazo mama hakulima. Kuku mmoja hatoshi. Na mwenye mbwa anayeharakisha kumuua anaharibu ushahidi, hata kama hajakusudia. Mashefu wa lokalite wakikijua kifungu hiki, mazungumzo ya kifamilia yatakuwa na uzito mwingine. Mwandikieni kaka yenu kule akipeleke kwa shefu.

Huku Marekani mbwa wa jirani akimuuma mtoto wako, idara ya afya ya mji kwa kawaida inaamuru afungiwe siku 10, nyumbani au kwenye kituo chao, na mwenye mbwa anaulizwa cheti cha chanjo. Hawakimbilii kumuua. Siku ni zile zile 10. Wenzetu kadhaa hapa wameogopa kutoa taarifa wakidhani polisi wataleta matatizo ya hati zao. Toeni taarifa. Mbwa asipojulikana, ni mwanao atakayedungwa sindano zote.

Turudi nyumbani. Mbwa wa kwetu ni wa kazi. Wale wa kuwinda wenye njuga ya mti shingoni huzunguka porini, na wengine huvuka mpaka wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo mwaka 1975 ilipanuliwa mpaka misitu ya chini upande wetu. Tayari sheria ya uhifadhi ya 1969 ilimtaja mbwa pamoja na mitego na bunduki miongoni mwa vitu vya kutoingizwa humo. Mbwa anayerudi kutoka porini na jeraha ambalo hamjui limetoka wapi asilale na watoto.

Dawa ya kweli ni kumchanja mbwa kabla hajauma, kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia. Kule Tanzania, vijiji vinavyoizunguka Serengeti vimekuwa vikichanja mbwa tangu 2003, na watu wanaoumwa na mbwa wa raje wamepungua sana. Watafiti wa huko huko waligundua jambo linalotufaa sisi tusio na umeme: chanjo moja ya mbwa iliyopimwa ilibaki na nguvu hata baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzi 25, na miezi mitatu kwenye nyuzi 30. Wakaanza kuihifadhi vijijini ndani ya vyungu vinavyopozwa kwa maji. Vyungu sisi tunavyo. Hiyo ni chanjo ya mbwa tu. Ya watu ibaki kwenye friji.

Kila mwaka jumuiya yetu huchanga pesa za misiba, na ni vizuri. Mwaka huu naomba tuchange na za mbwa. Mwenye ndugu veterineri au muuguzi katika zoni ya Itebero alete jina lake kwenye mkutano ujao, tujue wa kuanza naye. Na leo hii, kabla hujaweka gazeti hili chini, piga simu nyumbani uwaambie jambo moja: mbwa akiuma, afungwe.