Mama Akiumwa Akili, Mtoto Aambiwe Nini?

Siku ya kliniki ya afya ya akili, mgonjwa akifika mbele ya daktari huulizwa mambo ya kawaida. Unalala? Unakula? Zile sauti bado unazisikia? Dawa unameza kila siku? Ndugu aliyemsindikiza naye huulizwa kama nyumbani kuna utulivu. Baada ya hapo ni kuandikiwa dawa au kuchomwa sindano ya mwezi, tarehe ya kurudi inaandikwa kwenye daftari, na mwingine anaitwa. Foleni ni ndefu, wahudumu ni wachache, na simlaumu daktari anayefanya haraka. Ila lipo swali ambalo mara nyingi haliulizwi kabisa: una watoto wangapi, leo wako na nani, na wanajua nini kuhusu ugonjwa wako?

Haliulizwi kwa sababu hospitali za akili katika nchi zetu zilianza kwa kumtenga mgonjwa. Mathari ya Nairobi ilifunguliwa 1910, Mirembe ya Dodoma 1927, zote enzi za ukoloni, na kazi yao kubwa ilikuwa kumwondoa mtu mtaani na kumweka ndani ya ukuta. Aliyepelekwa huko alihesabiwa peke yake, kana kwamba hakuacha mtu nyuma. Leo dawa zimebadilika na wagonjwa wengi wanatibiwa wakiwa majumbani mwao, lakini hesabu imebaki ileile ya mtu mmoja mmoja.

Hesabu hiyo haiendani na hali halisi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Maradhi haya hayasubiri uzee. Skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, mara nyingi huanza mtu akiwa kijana. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, huwapata kinamama wengi wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Baipola, ile hali ya mtu kupanda nguvu na furaha kupita kiasi kisha kuzama kwenye huzuni, nayo huanza mapema. Ni miaka hiyohiyo ya kuoa, kuolewa na kuzaa. Kwa hiyo wengi wanaokaa kwenye benchi la kliniki ni mama au baba wa mtu.

Wakubwa hudhani mtoto haoni. Anaona kuliko wao. Mtoto wa miaka 9 anayeishi na mama mwenye baipola hahitaji kuambiwa kwamba hali inabadilika. Akisikia sufuria zinasuguliwa saa 9 usiku, sufuria zilezile zilizooshwa jioni, anajua kuwa mama hajalala tangu juzi. Asubuhi anachukua hela ya mboga iliyowekwa chini ya kitambaa cha meza na kuificha kwenye begi la shule, maana mara iliyopita mama aliigawa yote kwa wapita njia. Anamwogesha mdogo wake, anamvalisha, anamwacha kwa jirani na kusema mama ana wageni. Shuleni akiulizwa kwa nini jana hakuja, anasema aliumwa tumbo. Rafiki akitaka kumpitia nyumbani, anamwambia kuna mbwa mkali. Hakuna aliyemfundisha mambo haya. Ameyapanga mwenyewe, na anayafanya vizuri kiasi kwamba mwalimu anaandika kwenye ripoti kuwa huyu ni mtoto mtulivu na msikivu.

Utulivu huo ndio unaopaswa kututia wasiwasi. Mtoto msumbufu ataitwa ofisini na pengine mtu atamuuliza kulikoni. Mtulivu hupita madarasa yote bila mtu kujua anabeba nini.

Kikubwa anachobeba ni maelezo aliyojitungia. Mtoto asipoelezwa, hujieleza mwenyewe, na mtoto mdogo hujiweka katikati ya kila jambo. Alivunja chupa ya chai, mama akaanza kulia, na mama hajaacha kulia mpaka leo. Basi chanzo ni ile chupa. Alimwambia baba simpendi, kesho yake baba akapelekwa hospitali. Basi amempeleka yeye. Mtu mzima anaweza kuona mawazo haya ni ya kitoto na yatapita. Hayapiti kirahisi. Wengi huingia nayo utu uzimani wakiwa bado wanaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwapo.

Nafasi inayoachwa na ukimya huo hujazwa na maneno ya nyumbani na ya mtaani. Mama amesafiri. Baba malaria imempanda kichwani. Amerogwa. Ana majini. Ni ukoo wao huo. Na shuleni, siku ya ugomvi, neno linalotupwa ni moja tu: mtoto wa kichaa. Jina la Mirembe lenyewe ni tusi kwenye viwanja vya shule Tanzania, kama lilivyo jina la Mathari kule Kenya. Mtoto ambaye mama yake amelazwa huko hulisikia likitumiwa kuchekesha watu, naye hana la kujibu kwa kuwa nyumbani aliambiwa mama yuko safarini.

Sina ugomvi na familia inayomwombea mgonjwa wake, iwe kwa kisomo au kwa maombi ya kanisani. Faraja hiyo ni ya kweli, na inaweza kwenda pamoja na dawa. Ugomvi wangu ni na kauli ya kwamba fulani ndiye aliyeroga. Anayetajwa mara nyingi ni bibi, shangazi au mke mwenza, yaani mtu yuleyule ambaye angempikia mtoto na kumlaza usiku mama anapozidiwa. Kwa kauli moja mtoto anapewa adui na kunyang'anywa mlezi.

Kwamba kusema ukweli kunasaidia si nadharia tupu. Huko Boston, Marekani, daktari wa akili William Beardslee alitumia miaka mingi kujenga utaratibu wa kuzisaidia familia ambazo mzazi ana sonona. Mhudumu hukutana na wazazi kwanza, kisha huonana na kila mtoto, halafu familia nzima hukaa pamoja, na wanaoongoza mazungumzo hayo ni wazazi wenyewe. Finland walipiga hatua zaidi. Daktari Tytti Solantaus na wenzake, kupitia mpango wa kitaifa ulioanza 2001, walitengeneza njia fupi ambayo muuguzi wa kawaida anaweza kuifanya na mzazi kwa kikao kimoja au viwili. Haianzi na ugonjwa. Inaanza na siku ya mtoto: anaamka vipi, anacheza na nani, anapenda nini, wapi anakwama. Norway ikaliingiza jambo hili kwenye sheria: tangu Januari 2010 wahudumu wa afya wana wajibu wa kujua kama mgonjwa ana watoto na kuhakikisha wanapata taarifa na msaada. Mwaka 2012 watafiti walipokusanya majaribio 13 ya mipango ya kusaidia watoto wa wazazi wagonjwa, waliona uwezekano wa mtoto kupata ugonjwa uleule wa mzazi ulishuka kwa takribani asilimia 40. Dawa ngapi tunazonunua kwa fedha nyingi zinaweza kujivunia kinga ya namna hiyo?

Atakayesema hayo ni ya Ulaya atazame Rwanda. Theresa Betancourt na wenzake wa Rwanda waliuchukua utaratibu wa Beardslee na kuufanyia marekebisho kwa ajili ya familia zinazoishi na virusi vya Ukimwi, katika nchi iliyokwishapitia mauaji ya kimbari. Waliowatembelea watu majumbani hawakuwa madaktari bingwa. Walikuwa washauri waliofundishwa kazi hiyo. Familia ilisimulia yaliyoipata na namna ilivyoyavuka, watoto wakisikia, ndipo wakafika kwenye ugonjwa. Kazi ya aina hiyo haishindikani kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii tulio nao.

Sasa maneno yenyewe. Anayefaa kuyasema kwanza ni mgonjwa, siku ambazo yuko sawa. Shangazi akisema, mtoto anajifunza kuwa jambo hili huzungumzwa mama akiwa hayupo. Mama akisema mwenyewe, mtoto amepewa ruhusa ya kuuliza.

Kwa mtoto wa miaka 5 yanatosha machache: "Mama naumwa. Ugonjwa wangu uko kwenye ubongo, unanifanya nilie sana au nikae kimya. Si wewe uliyenifanya niumwe. Ukilala na mimi huambukizwi. Nikizidiwa, bibi atakuja kukaa na wewe." Mtoto wa miaka 9 au 10 anahitaji jina la ugonjwa na maelezo ya dawa, kwa sababu hofu zake nyingi zinatoka kwenye dawa. Anamwona baba anatembea kwa kukakamaa, mikono inatetemeka, mate yanamtoka, anasinzia mchana kutwa, na anaamini baba anazidi kuharibika. Kumbe baadhi ya hayo ni athari za vidonge au sindano, na daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Mtoto aliyeelezwa hivyo hulala.

Kijana wa miaka 15 ana swali moja kubwa, na mara nyingi haliulizi: na mimi nitakuwa hivi? Ajibiwe kwa hesabu. Skizofrenia huwapata watu kama 1 kati ya 100. Mzazi mmoja akiwa nayo, uwezekano wa mtoto hupanda hadi kama 10 kati ya 100. Umepanda, hatumdanganyi, lakini watoto kama 90 kati ya 100 hawataipata. Aambiwe pia kwamba bangi huongeza hatari, hasa kwa mwenye ugonjwa huo katika familia. Kijana anayejua hivyo ana sababu yake mwenyewe ya kukataa kijiweni, nzito kuliko mahubiri yetu yote. Tena hesabu hizo ziwafikie wazee wanaochunguza ukoo wa mchumba, wanaovunja posa za watu wazima wenye afya kwa sababu ya mama aliyeugua miaka 20 iliyopita.

Baada ya maneno unahitajika mpango, na uandikwe kwenye karatasi ya daftari mzazi akiwa na nafuu. Dalili za mwanzo kwake ni zipi. Nani apigiwe simu kwanza. Mtoto atalala kwa nani. Sare na madaftari viko wapi. Nani atakwenda shuleni. Hapa tuna desturi ambayo inatoka kwenye moyo mwema lakini inaumiza. Mzazi akilazwa, watoto wanagawanywa: mmoja Mwanza kwa mjomba, mmoja Tanga kwa shangazi, mdogo anabaki na bibi. Mtoto aliyempoteza mama kwa muda anapoteza na ndugu zake, shule yake na rafiki zake ndani ya wiki moja. Ni afadhali ndugu mmoja ahamie kwenye nyumba ya mgonjwa kuliko watoto kusambazwa. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo mingi watoto 698 waliozaliwa 1955 kisiwani Kauai, Hawaii, wengine katika umaskini na ugonjwa wa akili wa wazazi. Karibu theluthi moja ya waliokuwa kwenye hatari kubwa walikua vizuri, na jambo lililojirudia kwao lilikuwa kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyesimama nao bila kubadilika. Bibi, mjomba na jirani tunao. Kinachokosekana ni wao kuambiwa kwamba nafasi hiyo ni yao.

Mwalimu hahitaji siri za familia. Inatosha ajue nyumbani kuna mgonjwa na nani apigiwe mtoto akianza kusinzia darasani. Mtoto mwenyewe ajue namba 116, simu ya msaada kwa watoto inayopigwa bure Tanzania na Kenya. Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu, na mtoto aambiwe hivyo. Lakini ajue pia kwamba akiogopa ana ruhusa ya kutoka na kwenda kwa jirani, na kutoka huko si kumtupa mama. Jambo moja halina mjadala: mama aliyejifungua karibuni akianza kukosa usingizi, kuona au kusikia visivyopo, au kusema mambo ya ajabu kuhusu kichanga chake, asiachwe peke yake naye hata kidogo, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Wapo wazazi wanaokwepa kliniki kwa kuogopa kunyang'anywa watoto. Hofu hiyo ina msingi. Kwenye ndoa zinazovunjika, karatasi ya hospitali hugeuzwa silaha. Ndiyo maana mhudumu anayeuliza habari za watoto lazima aulize kwa namna ambayo mama ataona anasaidiwa kulea na wala hapelelezwi.

Kisha kuna kurudi nyumbani, sehemu inayosahaulika kuliko zote. Mama anaruhusiwa, ndugu wanapika pilau, na wanashangaa binti wa miaka 12 amenuna. Kwa miezi miwili yeye ndiye aliyekuwa anapima unga, anakagua madaftari ya wadogo na kufunga mlango usiku. Leo anaambiwa akalale mapema. Ana hasira kwa kuachwa, na ana aibu kwa kuwa na hasira. Mama aanze na jukumu moja dogo, kusuka nywele za mdogo au kusaini madaftari, na mengine yafuate taratibu. Na ile kauli ya shangazi, "usimuudhi mama yako, utamrudisha hospitali," ikomeshwe siku hiyohiyo, mbele ya watoto, na mama mwenyewe akiweza. Binti huyo anahitaji kubishana na mama yake kuhusu urefu wa sketi na hela ya daftari, akanuna, wakapatana, na asubuhi akaenda shule.