Rimoti Mfukoni mwa Sista

Nje ni Dar es Salaam ya Februari, kivuli chenyewe kinachoma. Ndani ya chumba cha upasuaji kiyoyozi kimezimwa, na rimoti yake imo mfukoni mwa muuguzi wa usingizi. Nilikuja kuandika habari za foleni ya watoto wanaosubiri kupasuliwa. Rimoti ikanipotezea foleni.

Sista alicheka nilipomuuliza. Madaktari, anasema, wamevaa magauni, wamesimama chini ya taa kali, jasho linawatiririka, wanataka baridi. Mtoto kalala uchi mezani. Kwa kichanga anataka chumba kifike nyuzi joto 24 hadi 26, na aliyeshika rimoti ndiye mwenye neno la mwisho.

Wa leo ana wiki tatu na tumbo lililovimba. Kofia ya sufu kwanza, maana kichwa cha kichanga ni kikubwa kwa mwili wake na hapo ndipo joto linapotorokea. Mikono na miguu inaviringishwa pamba, kidole hadi paja, bila haraka, kama mtu anayefunga maandazi ya safari. Juu ya pamba, nailoni ya kufunikia chakula. Dripu imepashwa. Dawa ya kusafishia ngozi ikichuruzika mgongoni anaifuta upesi: majimaji yakikauka huondoka na joto.

Dawa ya usingizi hutanua mishipa, joto la kifuani na tumboni likakimbilia kwenye ngozi. Saa ya kwanza tu mwili unaweza kushuka nyuzi moja au zaidi. Mkubwa akipata baridi hutetemeka; kichanga hutegemea mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega, nayo usingizi huyazima. Chini ya nyuzi 36 damu huchelewa kuganda, na mtoto huchelewa kuamka.

Na glovu zilizojazwa maji ya moto? Uso ukamkunjamana. Amewahi kuona malengelenge. Aliyelazwa kwa dawa, anasema, halii ukimuunguza.

Kwenye kona kuna mashine inayopuliza hewa ya moto ndani ya blanketi jepesi lenye vitundu. Blanketi limeandikwa litumike mara moja. Hili lina viraka vitatu vya plasta. Nikamtazama sista, yeye akatazama kipimajoto. Na umeme ukikatika? Akanionyesha pamba.

Daktari akaingia, mikono juu, akauliza nani kazima AC. Sista alikuwa akiivuta kofia ifunike masikio.