Mkopo wa "Asilimia 10": Tuupime Kwanza

Tuseme unauza omena Homa Bay, ama una duka Migori mjini. Unapewa Sh10,000, unalipa Sh1,100 kila mwezi kwa miezi 10. Ni asilimia 1 kwa mwezi, sindio? Hapana. Deni linapungua, riba bado inahesabiwa kwa Sh10,000 nzima.

Chukua kalkuleta ya simu. Kila mwezi ongeza riba kwenye salio, kisha toa 1,100. Ukijaribu asilimia 1, unajikuta umelipa Sh462 zaidi: kiwango ni kidogo mno. Ukijaribu 2, linabaki deni la Sh145: kimezidi. Gawa katikati, 1.5, halafu 1.75. Mainjinia nao hukisia hivyo hivyo kwa kompyuta. Tunafika kama 1.77, yaani karibu asilimia 21 kwa mwaka.