Malaria Zanzibar na Mustakabali wa Maendeleo ya Binadamu

Mjadala wa kama maendeleo ya binadamu yataendelea huelekea zaidi kwenye uvumbuzi. Historia ya malaria Zanzibar inaibua swali zito kuliko hilo: yaliyokwisha kupatikana yatatunzwa na nani?

Mwishoni mwa miaka ya 1950, nyumba za Unguja na Pemba zilianza kupuliziwa dawa ya kuua mbu, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Kufikia 1968 maambukizi yalikuwa yameshuka chini ya asilimia 10. Mwaka huohuo mpango ukasitishwa, na malaria ikarudi kwa watoto waliokua bila kinga ya kutosha. Jaribio la miaka ya 1980 nalo liliishia njiani. La tatu lilianza 2003 kwa dawa mseto zenye artemisinini, zikafuata vyandarua na upuliziaji, na maambukizi yakateremka chini ya asilimia 1. Sri Lanka ilipita njia hiyohiyo: mwaka 1963 ilikuwa na wagonjwa 17 tu, upuliziaji ukalegezwa, na kabla ya muongo kwisha wagonjwa walifika mamia ya maelfu. Ilianza upya, na mwaka 2016 ikathibitishwa kuwa haina malaria.

Mafanikio yenyewe huchangia anguko, kwa kuwa ugonjwa ukishapungua, fedha zake huhamishiwa kwingine. Sababu ya pili imo ndani ya vimelea. Miongoni mwa mabilioni yao hutokea vichache vyenye badiliko la kijenetiki linaloviwezesha kustahimili dawa. Vingine vikifa, hivyo hubaki na kuzaana. Usugu dhidi ya klorokwini ulijitokeza Asia ya Kusini-Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, ukafika Afrika Mashariki miongo miwili baadaye. Tanzania Bara iliiacha dawa hiyo 2001 tu, na ucheleweshaji wa namna hiyo barani Afrika uligharimu maisha ya watoto wengi mno. Sasa dalili za usugu dhidi ya artemisinini zimethibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera.

Usugu hata hivyo si lazima udumu. Malawi iliacha klorokwini 1993, na baada ya takribani miaka kumi vimelea vilivyoshindwa na dawa hiyo vilikuwa vimetawala tena, kwa sababu dawa isipokuwepo, vile sugu huzidiwa nguvu na vingine.

Malaria bado huua watu wapatao 600,000 kwa mwaka duniani, na idadi hiyo haijapungua tangu 2015. Chanjo mbili zilizopendekezwa 2021 na 2023 zinapunguza makali bila kuziba pengo la dawa. Zanzibar, mgonjwa akithibitishwa, wahudumu humfuata hadi nyumbani na kuwapima anaoishi nao, maana wengi huambukizwa safarini Bara. Kazi hiyo inahitaji bajeti kila mwaka, hata wagonjwa wakiwa wachache.