Jina la Chokoraa na Kazi ya Vijana Huko Mathare

Katika mitaa ya Nairobi kijana asiye na makao huitwa chokoraa. Neno hili lakumbusha kitenzi chokora, yaani kutia kijiti mahali na kupekua. Na kweli wengi wao hutafuta riziki jaani. Hivyo jina lamfunga mtu na taka, hata mpita njia akamhesabu kuwa mojawapo.

Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada, alianzisha pamoja na vijana wa Mathare chama cha michezo kijulikanacho kwa kifupi kama MYSA. Mpira wenyewe haukuwa mgeni, kwani watoto walikwisha kuucheza kwa mifuko ya nailoni iliyofungwa kamba. Kilichokuwa kigeni ni sharti: timu hupata alama kwa ushindi, na hupata nyingine kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa wake. Taka ile ile iliyokuwa tusi ikawa njia ya kupanda katika ligi.

Zito zaidi ni utawala. Vijana wenyewe huketi katika kamati, hupanga ratiba, huamua michezo. Na ajitoleaye hujilimbikizia alama za kumsaidia karo, nayo hulipwa shuleni moja kwa moja. Wasichana waliingia mwaka 1992, si bila manung'uniko ya wazazi waliowahitaji jikoni. Mwaka 2008 Mathare United, timu iliyozaliwa na chama hicho, ilitwaa ubingwa wa Kenya.

Asiye na timu, hata hivyo, angali akiitwa chokoraa.